Saa Nane na Robo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kwa miaka kadhaa hasira hizo zilikuwa na shabaha moja: mtu yeyote anayegusa saa ya kompyuta yangu. Nasema yangu kwa sababu nilikuwa fundi wa kompyuta peke yangu katika shirika la kanisa lenye zahanati tatu, Kwa Vonza, Kathonzweni na Kasikeu, na ofisi kuu mjini Kitui. Kompyuta ikiugua popote pale, aliyepigiwa simu ni mimi, na aliyelaumiwa ni mimi, hata pale ilipobainika kwamba mtu amechomoa waya ili achaji simu.

Watu wengi hudhani kompyuta inajua saa yenyewe. Haijui. Ndani yake mna kijisaa kinachoishi kwa betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, na kijisaa hicho hukimbia au huchelewa kama saa yoyote ya bei rahisi. Kwa hiyo kompyuta za Windows zilizo katika kundi moja, kundi ambalo sisi wa kazi hii huliita domeni, hufanya kama watu wa nyumba moja: mtoto anamuuliza mama saa ngapi, na mama anasikiliza redio. Kompyuta zetu zote za zahanati ziliiuliza seva, kompyuta mama iliyokuwa Kitui. Seva ya Kitui nayo iliuliza nje, kwenye intaneti, kwa zile saa zinazotunzwa na watu ambao hawana kazi nyingine ila kutunza saa.

Kisha kuna sheria ya dakika tano. Kila unapoingia kazini, seva hukupa ruhusa yenye muhuri wa saa, ili mwizi asije akanasa ruhusa ya asubuhi akaitumia jioni. Kompyuta ikifika langoni na saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika tano, inakataliwa. Neno la siri linaweza kuwa sahihi herufi kwa herufi, na bado inakataliwa. Niliipenda sana sheria hiyo. Katika nchi ambayo mkutano wa saa tatu huanza saa tano na hakuna anayeomba radhi, niliona fahari kuwa mlinzi wa mahali pekee ambapo dakika sita za kuchelewa zinakufungia mlango.

Ndiyo maana kamati ya shirika iliponiita nitoe ushahidi juu ya muuguzi wa Kathonzweni, nilienda nikiwa nimejaa ujuzi.

Muuguzi huyo tulimwita Sista, kama wauguzi wote, lakini yeye jina lilimkaa. Alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu. Aliendesha zahanati ya Kathonzweni yeye na mhudumu mmoja wa usafi, akipokea wagonjwa, akiwaandikisha kwenye kompyuta, akiwatibu, na akiandika barua ya rufaa kwa wale waliomzidi uwezo. Mimi aliniita mwiitu wakwa, binti yangu kwa Kikamba, ingawa nina miaka thelathini na minane na watoto wawili.

Shtaka lilikuwa hili. Mama mjamzito, shinikizo la damu limepanda, macho yanaona ukungu, aliandikishwa Kathonzweni saa 08:31. Barua ya kumpeleka hospitali kubwa ya Wote ilichapishwa saa 15:09. Hesabu ni rahisi: saa sita na dakika thelathini na nane. Mama alipona na mtoto alipona, baada ya siku kadhaa chini ya uangalizi, na tukamshukuru Mungu. Lakini shirika lilikuwa na kawaida ya kukagua kila rufaa iliyochelewa kupita saa moja, na hii haikuwa ya kuchelewa, ilikuwa ya kutisha. Mtu anaacha vipi mama wa namna hiyo kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alasiri? Kama kamati ingeona ni uzembe, Sista angefutwa kazi na jina lake lipelekwe kwa wanaotoa leseni za uuguzi. Baada ya miaka thelathini na kitu ya kupokea watoto wa watu, angerudi nyumbani kwa aibu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kusoma matangazo kanisani. Aliniuliza swali moja tu.

"Hizi saa za computer, zinaweza kuwa wrong?"

"Hapana, mwalimu," nilisema. "Kompyuta ikikosea saa hata kwa dakika sita, seva inaikataa. Hiyo record isingeweza kufika huku Kitui."

Sista alikuwa amekaa mbele yangu na mkoba wake magotini. Hakunipinga. Alisema alichokuwa amekisema tangu mwanzo, kwamba yeye anakumbuka alimshughulikia yule mama mara moja, lakini alisema kwa sauti ya chini, akitazama karatasi niliyoichapisha mimi. Kisha mwenyekiti akasema uamuzi utatolewa baada ya wiki moja, na mpaka wakati huo Sista akae likizo ya lazima.

Nilitoka hapo nikiwa na huzuni ya mtu asiye na hatia. Nilimhurumia, kweli, lakini nilijiambia kumbukumbu ni kumbukumbu. Nakumbuka hata nilinunua chapati mbili nikala kwa hamu nzuri.

Kilichoniondolea hamu kilikuja siku mbili baadaye, nilipoombwa niweke kumbukumbu za kikao kwenye seva. Katibu wa kamati, kijana nadhifu aliyeandika kila kitu kwa Kiingereza hata pale watu walipozungumza Kikamba, alikuwa ameenda mwenyewe Kathonzweni kumhoji mama mkwe wa yule mgonjwa. Aliandika kwamba familia inathibitisha walifika zahanati saa 8.30. Nilisoma nikapita. Kisha nikarudi nyuma. Mama mkwe wa Kathonzweni, mkulima wa kunde na pojo, aseme saa kwa Kiingereza? Nilimpigia katibu.

"Yule mama alisema vipi, kwa maneno yake mwenyewe?"

"Alisema tu waliingia saa nane na nusu. Kwa Kikamba. Saa nyanya na nusu."

Nyanya kwa Kikamba ni nane, si ile ya kupikia. Na saa nyanya ya Mkamba ni saa nane ya Mswahili yeyote: mchana, chakula kimeshaliwa, mbuzi wamelala kivulini.

"Na wewe ukaandika 8.30."

"Si ndio nane na nusu?" Nilisikia akipekua karatasi. "Lakini computer pia ilikuwa inasema 8.31. Nilikuwa nayo hapo mbele yangu."

Hapo ndipo nilipoikumbuka simu ya Sista.

Siku hiyo ya yule mama nilikuwa Kwa Vonza nikipambana na printa iliyokuwa ikitafuna karatasi, mikono imejaa wino, mdomo umejaa maneno ambayo zahanati ya kanisa haistahili kuyasikia. Sista akanipigia. Kathonzweni hawakuwa na intaneti tangu asubuhi, na sasa stima ilikuwa imepotea ikarudi, na kompyuta imekataa kuamka.

"Mwiitu wakwa, hii kitu inasema ati betri imeisha. Imesimama hapo kwa screen ya blue. Inataka tarehe."

Betri ya kifungo ilikuwa imekufa, na kijisaa kimerudi miaka mingi nyuma. Nilimwongoza kwa simu niliyoibana kwa bega. Bonyeza hapa. Shuka na mshale. Andika mwaka. Andika mwezi. Andika siku. Alikuwa akirudia kila nilichosema, polepole, na mimi nilikuwa naona printa inavuta karatasi nyingine upande.

"Sasa saa," akasema.

Nikatazama simu. "Weka saa nane na robo."

"Nane… na robo. Ni hiyo kumi na tano?"

"Ndiyo, Sista, nane na kumi na tano. Haraka kidogo, tafadhali."

Akaweka nane na kumi na tano. Angeweka nini? Nilikuwa nimemwambia aandike mbili-sifuri-ngapi kwa mwaka, akaandika; nilimwambia nane, akaandika nane. Kompyuta ile ilihesabu kwa saa ishirini na nne, na mimi, ninayejua hivyo kama ninavyojua njia ya kwetu, nilimtajia saa kama mtu anayeulizwa barabarani. Ilipaswa kuwa kumi na nne na kumi na tano. Nilimrudisha nyuma saa sita kwa kinywa changu, nikakata simu, nikarudi kwa printa.

Nilikaa pale ofisini Kitui nikiwa nimeweka mikono kichwani. Na ile sheria yangu ya dakika tano? Nilipoifikiria vizuri niliona haya. Intaneti ilikuwa haipo. Kompyuta isipoipata seva humruhusu mtu aliyeizoea aingie kwa kumbukumbu ya mara ya mwisho, wala haimuulizi saa. Programu ya wagonjwa nayo huweka kazi kando mpaka mtandao urudi. Mtandao uliporudi, kompyuta iliiuliza seva saa, ikajirekebisha kimyakimya, ikafika langoni ikiwa safi, ikaruhusiwa. Mlinzi wa lango huangalia saa iliyo mkononi mwako. Haangalii tarehe na saa ulizoandika kwenye karatasi ulizobeba. Yule mama aliandikishwa kabla ya marekebisho, na barua yake ikachapishwa baada yake.

Hiyo ilikuwa dhana tu. Kamati haingemrudisha mtu kazini kwa dhana ya fundi ambaye wiki hiyo hiyo aliapa kwamba haiwezekani. Lakini kompyuta za Windows huandika shajara yao ya ndani, na saa ikibadilishwa, huandika: kutoka saa hii kwenda saa hii. Tatizo ni kwamba shajara hiyo ina kikomo. Ikijaa, kurasa za zamani hufutwa kupisha mpya, na ilikuwa imepita karibu miezi miwili.

Nilijaribu kuifungua nikiwa Kitui. Mtandao wa Kathonzweni ulikuwa umelala tena, kama kawaida yake. Kesho yake nikaomba gari la shirika.

Kathonzweni nilimkuta muuguzi wa muda, msichana aliyeonekana kuogopa kiti alichokalia. Barazani mtu alikuwa ameanika kunde kwenye gunia, na wagonjwa walikuwa wamezikwepa kwa adabu wakakaa upande mmoja wa benchi. Niliomba kompyuta kwa nusu saa. Nilifungua shajara nikaanza kurudi nyuma, siku baada ya siku, na kila siku nilipoona bado inaendelea nilishukuru kwa sauti mpaka mhudumu wa usafi akaniuliza kama ninaomba. Nikamwambia ndiyo. Hata haukuwa uongo.

Shajara ilikuwa imebakiza siku nne tu kabla ya ile niliyoitafuta. Siku nne! Ningekuja wiki ijayo ningekuta patupu. Lakini ulikuwepo, mstari mmoja katikati ya mistari mingine mia isiyo na maana: saa ya mfumo imebadilika, kutoka 9:02 kwenda 15:02. Aliyeibadilisha: huduma ya saa ya Windows yenyewe. Saa sita kamili, ukiacha sekunde.

Nikahesabu kwenye kiganja. 08:31 ya uongo ni 14:31 ya kweli. Kutoka hapo mpaka 15:09 ni dakika thelathini na nane. Nilicheka peke yangu, nikafuta macho, nikapiga picha ya kioo kwa simu, nikachapisha, nikachapisha tena nakala ya pili kwa woga. Kisha nikabadilisha ile betri, jambo nililopaswa kulifanya miezi miwili kabla.

Ningependa kusema kwamba njiani kurudi nilikuwa na furaha tu. Sikuwa. Ule mstari ulisema saa ilirekebishwa. Haukusema ni nani aliyeiharibu. Betri ilikuwa imekufa, huo ni ukweli, na betri haiwezi kujitetea. Ningeweza kusimama mbele ya kamati niseme mashine ilipotoka, Sista angeachiliwa, na mimi ningebaki yule mwanamke hodari aliyevumbua ukweli. Niliipanga hotuba hiyo yote kichwani, na ilikuwa nzuri. Kilichoiharibu ni kwamba mwenyekiti angeuliza ni nani aliyeweka saa baada ya betri kufa, na jibu lingekuwa Sista. Wangemsamehe uzembe wakambandika ujinga. Nikaona hapana, hiyo siiwezi.

Siku ya kikao nilisimama kabla hata sala ya kufungulia haijatulia vizuri masikioni mwa watu.

"Mwalimu, wiki iliyopita nilisema hizi saa haziwezi kukosea. Zilikosea, na aliyezikosesha ni mimi."

Nikaeleza. Nilieleza kama ninavyoeleza hapa, kwa betri na redio na mlinzi wa lango, na nilipofika kwenye simu nilisema maneno yenyewe niliyoyasema, pamoja na ile haraka kidogo, tafadhali. Mwenyekiti aliichukua ile karatasi akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"So ulimwambia nane, akaandika nane."

"Ndiyo."

"Na wewe," akamgeukia katibu, "mama alikwambia nyanya, ukaandika eight."

Katibu alikuwa akitazama kalamu yake. "Ndiyo, mwalimu. Nilimpigia tena jana. Anasema ilikuwa baada ya lunch. Watoto wa shule walikuwa wamerudi class."

Mabega ya mwenyekiti yakaanza kutikisika. Mzee alikuwa anacheka. Akasema yeye mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ualimu, alimwambia mzazi aje shule saa nane, na mzazi msomi akaja asubuhi, akamngoja mpaka jua likapita utosini. Chumba kizima kikalegea. Kila mtu ghafla alikuwa na kisa chake cha saa nane, na kwa dakika kumi hakukuwa na kamati, kulikuwa na watu wa nyumbani tu wanaochekana. Kisha akagonga meza. Sista arudi kazini Jumatatu, barua ya shutuma iondolewe kwenye faili, na fundi wa kompyuta aandike maagizo ya saa kwa tarakimu nne, yabandikwe ukutani kila zahanati. Adhabu yangu iliishia hapo. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa mtungi wa maji kichwani, na shingo bado haijaamini.

Sista peke yake hakuwa amecheka. Alitoka nje, nami nikamfuata kwa sababu sikuwa nimemwomba msamaha yeye, nilikuwa nimewaomba wao. Nilimkuta amesimama kwenye ngazi za ofisi, mkoba kifuani.

"Sista, nisamehe. Nilikuwa na haraka, na nikakuja hapa nikakusemea uongo bila kujua."

Alinitazama kana kwamba namchelewesha kwenye jambo lingine.

"Mimi nilikuwa nimeshaamini," akasema.

"Umeamini nini?"

"Hiyo karatasi. Ilikuwa na saa na dakika. Mimi niko na kichwa tu, na kichwa kimezeeka. Nikasema labda nilisinzia. Labda nilimwambia ngoja, nikasahau. Kila siku nikiamka natafuta hizo masaa sita nilizipeleka wapi." Akaubana mkoba. "Nimeomba msamaha kwa Mungu juu ya huyo mama, mwiitu wakwa. Kila siku. Kwa hivyo sikumwacha hapo kwa benchi?"

"Hukumwacha. Zilikuwa dakika thelathini na nane. Ndani yake ulimpima, ukamdunga sindano, ukaita ambulensi, ukaandika barua."

"Thelathini na nane," akasema.

"Thelathini na nane, Sista."

Akaketi kwenye ngazi pale pale, na sare yake iliyonyooshwa kwa pasi, akalia kwa sauti, bila kujificha. Nikaketi kando yake nikamshika mkono. Watu wa kamati walitoka mmoja mmoja wakatupita pembeni, na tulikaa hivyo mpaka aliponyamaza, akapangusa uso kwa kiganja, akaniuliza kama mtoto wa yule mama ameanza kutabasamu.